Monasteri zinazopika bia Ubelgiji: ni ipi inamruhusu mgeni kuingia hadi kiwandani?

mwanamtaa_77

Wakuu, salaam.

Tutakuwa Brussels siku nne kamili mwezi Septemba, Alhamisi hadi Jumapili. Tuko watatu na hatuna gari. Tunataka kuona jinsi watawa wanavyopika bia: matangi, mitambo, chumba cha kujazia chupa. Kukaa mkahawani na glasi peke yake hakutatutosha. Mmoja wetu anapika mbege na bia ya kimea cha shayiri nyumbani, kwa hiyo maswali yake ni ya kiufundi. Mwingine hanywi pombe kabisa ila anapenda makanisa ya kale na bustani, naye asiachwe nje akichunga mabegi.

Naomba msaada kwa haya. Monasteri ipi inaingiza wageni kiwandani kweli? Ile bia ya Westvleteren inayouzwa na watawa wenyewe, mtu asiye na gari anaipataje? Chupa iliyoandikwa Trappist ina tofauti gani na zile zenye jina la abasia? Na chupa ngapi zinaweza kufika Dar bila kuvunjika wala kutusumbua forodhani?

reli_na_baiskeli

Karibu mkuu. Kabla hamjakata tiketi yoyote, jueni kwamba abasia (monasteri) tano za Watrapisti, tawi kali la shirika la watawa Wasistersiani, zinazopika bia Ubelgiji, yaani Westmalle, Westvleteren, Chimay, Orval na Rochefort, hazina ziara ya kila siku ya kiwandani. Mitambo imo ndani ya ukuta wa makazi ya watawa, na watawa hao wana sala saba kwa siku, ya kwanza kabla hakujapambazuka. Mgeni anapokelewa kanisani, dukani, na kwenye mkahawa ulio nje ya ukuta. Watu hushuka treni Jemelle, wakatembea hadi abasia ya Saint-Rémy ya Rochefort, wakakuta kanisa ndilo pekee lililo wazi. Kanisa ni zuri na sala zake zinatuliza, lakini aliyekuja kuona tangi la kuchachushia atarudi bila kuliona.

Kwa hiyo siku yenu ya kwanza iwe Uholanzi. Abasia ya Koningshoeven, nje kidogo ya Tilburg, ndiyo inayopika bia ya La Trappe, na yenyewe inapokea wageni kiwandani kwa ziara ya kuongozwa. Ilianzishwa mwaka 1881 na watawa waliotoka Mont des Cats, Ufaransa, na kiwanda kikafuata mwaka 1884 ili kulipia ujenzi. Ziara huchukua kama saa moja. Nafasi inawekwa mtandaoni, na angalieni vizuri lugha ya ziara mnayoichagua: nyingi ni za Kiholanzi, za Kiingereza zina siku na saa zake. Hapo ndipo wageni wengi hukosea; wanafika kwa wakati, wanasikiliza saa nzima wasichokielewa.

Njia: treni kutoka Brussels hadi Breda, badilisheni hapo, Tilburg ni kituo kikubwa kinachofuata baada ya muda mfupi. Kutoka stesheni ya Tilburg hadi abasia ni kilomita 5 hivi, kwa basi au baiskeli. Zile baiskeli za njano na buluu za stesheni zinahitaji usajili wa mkazi, msizitegemee. Kodisheni kwenye duka la baiskeli. Viza yenu ya Schengen inawavusha, ila bebeni pasipoti, kwa sababu ukaguzi wa ghafla mpakani upo.

Asiyekunywa hatakaa bure. Koningshoeven wanapika bia isiyo na kilevi, inaitwa Nillis, na duka lina mkate, jibini na asali. Tena kuna nyumba ya vioo iliyojaa mimea ambamo maji machafu ya kiwanda yanasafishwa: mizizi inaning'inia majini, vijidudu wanaoishi juu ya mizizi hiyo wanakula uchafu. Kwangu hiyo inashinda hata chumba cha chupa. Kiwanda cha bia hutumia maji mengi kuliko bia inayotoka, na kuona yanakokwenda baada ya hapo ni nusu ya somo.

kimea_na_chachu

Naongezea upande wa mpishi.

Mwambie mwenzako asipite haraka kwenye hatua ya kwanza, ya kuloweka kimea kilichosagwa. Ni jambo lile lile analolifanya kwenye mbege anapotia kimea cha ulezi: vimeng'enya vya kimea vinageuza wanga kuwa sukari. Tofauti ni kwamba hapa joto linashikwa kwa nyuzi. Kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi inatoka sukari ambayo chachu inaimaliza yote, bia inakuwa kavu. Kwenye 70 hadi 72 inatoka sukari ambayo chachu haiiwezi, bia inabaki nzito. Ukifika 78 vimeng'enya vinakufa, na hapo ndipo maji matamu yanachujwa. Onja yakipatikana: ni kama togwa iliyochujwa. Akiuliza jambo moja tu, aulize wanashika nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi. Jibu hilo linamweleza umbo la bia nzima.

Kisha kuchemsha, dakika 60 hadi 90, na kutia hopi, maua ya mmea unaotambaa. Hopi kwenye bia ni kama msesewe kwenye mbege: uchungu wa kusawazisha utamu, na kinga dhidi ya vijidudu wa kuharibu. Kwenye sufuria hiyo hiyo ndiko inakotiwa sukari, na hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani huenda kombo wanapoiga bia za Watrapisti. Wanaona bia nyeusi wanadhani ni kimea kilichoungua. Bia kama Westvleteren 12 au Rochefort 10 hupata rangi na ile ladha ya zabibu kavu kwa sehemu kubwa kutokana na sukari ya kandi, yaani sukari iliyopikwa ikawa shira nyeusi. Kwa bia nzito za Kibelgiji sukari huwa asilimia 10 hadi 20 ya vyote vinavyochachuka. Kazi yake ni kuongeza kilevi bila kuongeza uzito mdomoni. Ukipika bia ya asilimia 10 kwa kimea kitupu utapata kitu kinachonata kama uji, glasi ya pili humalizi.

Chachu nayo ni somo la pekee. Westvleteren huchukua chachu yao Westmalle, aina moja kabisa, lakini bia haifanani. Westmalle wanaizuia isipande juu ya nyuzi 20 hivi, Westvleteren wanaiacha ipande hadi karibu 28. Joto likipanda, chachu inatoa harufu nyingi zaidi za matunda na karafuu. Mwenzako akilijaribu nyumbani Dar ataona hatari yake: chumba kikianza kwenye 28, tangi lenyewe litafika 33 au zaidi kwa sababu uchachukaji unazalisha joto, na bia itanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Watawa huanza chini, kwenye 18 au 20, ndipo wanaliacha lipande polepole. Kilicho muhimu ni mahali joto linapoanzia.

Chumba cha joto ndicho kituo cha mwisho, na kikiwa kwenye ziara yenu msikiruke. Bia hizi zinachachuka mara ya pili ndani ya chupa: wanatia sukari kidogo na chachu mpya, wanaziba, wanazilaza chumbani kwenye nyuzi 24 hivi kwa wiki mbili hadi tatu. Hesabu yake ni rahisi. Gramu 1 ya sukari inatoa karibu gramu nusu ya gesi. Gramu 8 kwa lita zinaongeza gramu 4 za gesi, juu ya gramu moja na nusu hivi iliyobaki baada ya uchachukaji wa kwanza. Ukizidisha hadi gramu 12, au ukijaza chupa kabla uchachukaji wa kwanza haujaisha, chupa inaweza kupasuka. Na usitumie chupa nyembamba ya bia ya dukani. Chupa ya Kitrapisti ni nene kwa sababu hiyo hasa.

mwanamtaa_77

Wakuu nashukuru sana, hii imetufungua macho. Alhamisi tumeiweka Tilburg, ziara ya Kiingereza tutaitafuta. Sasa naomba mwongozo wa Orval na Westvleteren. Nimeona Orval wana siku za milango wazi Septemba. Je, tukijaribu? Na mwenye jibu la tofauti ya majina kwenye chupa asisahau.

mkutubi_wa_leuven

Nianze na majina, kwa maana mkilijua hilo mtaokoa safari moja ya bure.

Trappist si aina ya bia wala ladha. Ni asili. Chama cha kimataifa cha Watrapisti kinatoa nembo ya pembesita, na ili chupa iipate masharti ni matatu: itengenezwe ndani ya eneo la abasia au jirani yake kabisa, watawa au masista wenyewe wasimamie utengenezaji, na faida iende kwenye mahitaji ya jumuiya, kwa nyumba nyingine za shirika, na kwa huduma za jamii. Wafanyakazi walei, yaani wasio watawa, wanaruhusiwa, na kwa kweli wengi mtakaowaona kwenye mitambo ni walei. Watawa wakiondoka, nembo inaondoka nao. Achel iliipoteza mwaka 2021 kwa sababu hakukuwa tena na jumuiya ya watawa pale, ingawa sufuria ni zile zile na mapishi ni yale yale. Hata La Trappe waliwahi kukaa bila nembo, 1999 hadi 2005, baada ya kuingia mkataba na kampuni kubwa ya bia. Walirudishiwa baada ya watawa kuthibitisha kwamba usimamizi umo mikononi mwao.

Bia ya abasia ni habari nyingine. Mara nyingi abasia imekodisha jina lake kwa kampuni na inalipwa mrabaha. Leffe ni jina la abasia ya Wanorbertini iliyoko Dinant, lakini bia yenyewe inapikwa Leuven kwenye kiwanda kikubwa cha kampuni ya AB InBev. Kwa hiyo mtu akienda Dinant kutafuta mitambo atakuta abasia nzuri isiyo na mitambo. Grimbergen, kaskazini tu ya Brussels, iko katikati: sehemu kubwa ya bia yenye jina hilo inapikwa kwingine, ila tangu 2021 kuna kiwanda kidogo ndani ya abasia chenye mapokezi ya wageni. Mkikosa nafasi Tilburg, hapo ndipo pa karibu pa kukimbilia.

Msiione bia ya abasia kuwa utapeli. Nyingine ni nzuri sana na mrabaha unasaidia watawa. Ila swali lenu ni la kutembelea, na kwa kutembelea tofauti hiyo ndiyo inayoamua mtashukia stesheni ipi.

florenville_kwa_miguu

Orval: nendeni, lakini nendeni mkijua mnaendea nini.

Milango wazi ya kiwanda huwa siku chache za Septemba, na watu wanajiandikisha miezi kabla. Kama hamna nafasi mkononi sasa hivi, msipange safari juu ya hilo. Hata bila kiwanda, Orval ndiyo abasia ya Kitrapisti yenye mengi zaidi kwa mgeni wa kawaida. Magofu ya abasia ya kale, iliyoingia mikononi mwa Wasistersiani mwaka 1132 na kuteketezwa na majeshi ya Wafaransa mwaka 1793, yako wazi kwa tiketi ndogo. Ndani yake kuna bustani ya mimea ya dawa, kuna makumbusho, na chemchemi ambayo hadithi inasema Matilda, mtawala wa Toscana (Italia), aliangusha pete yake ya ndoa, samaki akaibuka nayo mdomoni. Samaki huyo mwenye pete ndiye aliye kwenye kila glasi na kizibo cha Orval. Huyo mwenzenu asiyekunywa atapapenda kuliko nyinyi wote.

Kiwanda kilijengwa mwaka 1931 ili kugharamia ujenzi wa abasia mpya uliokuwa umeanza 1926, na mpaka leo bia iendayo sokoni ni moja tu, ya asilimia 6.2. Mpishi wenu ataielewa haraka akijua mambo mawili. La kwanza, baada ya uchachukaji wa kwanza bia inalazwa kwenye matangi kwa wiki tatu hivi, kwenye nyuzi 15, pamoja na mifuko ya hopi isiyochemshwa. Hapo ndipo inapata ile harufu ya majani. La pili, wanatia chachu ya mwitu aina ya Brettanomyces, ambayo inaendelea kula sukari iliyoachwa na chachu ya kawaida, taratibu, miezi na miezi ndani ya chupa. Kwa hiyo Orval ya miezi miwili na ya mwaka mmoja ni bia mbili tofauti: changa ina uchungu wa hopi, iliyokaa ni kavu, yenye harufu ya ngozi na nyasi kavu. Lebo ina tarehe ya kujazwa chupa. Isomeni kabla ya kununua, na mkiweza nunueni umri mbili mzionje pamoja.

Onyo kwa mpishi: asichukue mashapo ya Orval akaenda kuyapandisha kwenye ndoo zake za bia ya kawaida. Chachu hii inajificha kwenye mipira, mabomba na mikwaruzo ya plastiki, na bia zote zitakazofuata zitaonja hivyo. Akitaka kujaribu, atenge ndoo na mpira wake pembeni kwa kazi hiyo tu.

Mkahawa wa À l'Ange Gardien, hatua chache kutoka langoni, unatoa Orval ya kijani, nyepesi, asilimia 4.5, ambayo haiuzwi madukani. Hiyo pekee inatosha kumfikisha mpenzi wa bia pale.

Njia ni ndefu: treni hadi Libramont, halafu nyingine hadi Florenville, kisha karibu kilomita 10. Mabasi ni machache na Jumapili ni machache zaidi. Wekeni oda ya teksi ya kurudi kabla hamjaondoka Brussels, ama mlale Florenville.

dada_wa_poperinge

Westvleteren sasa.

Abasia ya Sint-Sixtus haifunguliwi kwa wageni, na wenyewe husema wanapika ili waishi, hawaishi ili wapike. Hawaongezi uzalishaji hata foleni iwe ndefu namna gani. Kreti ya chupa 24 inachukuliwa abasia kwa njia hii: unafungua akaunti kwenye duka lao la mtandaoni, lililochukua nafasi ya simu mwaka 2019, unasubiri siku ya mauzo, unapewa siku na saa ya kuchukua, na namba ya gari inaandikwa kwenye oda. Aliyekaa muda mrefu bila kununua hupewa kipaumbele. Sharti lingine ni kwamba huruhusiwi kuiuza tena. Mnapoiona dukani Brussels kwa bei ya kutisha, jueni imefika pale kinyume cha matakwa ya watawa.

Kwa mtu wa siku nne bila gari, kreti isahauni. Nendeni kwenye mkahawa wa In de Vrede, mkabala na abasia. Zote tatu zinapatikana kwa glasi: ya kizibo cha kijani asilimia 5.8, ya buluu 8, ya njano, ndiyo iitwayo 12, ni 10.2. Anzeni na ya kijani, watu wengi wanairuka wakikimbilia 12, na ndiyo inayoonyesha hopi za eneo hili vizuri zaidi. Duka la mkahawani mara nyingi huuza pakiti ndogo za kubeba, zikiwepo, kwa idadi maalumu kwa mtu. Kuna pia maonyesho yanayoeleza maisha ya watawa ndani ya ukuta, ambayo ni mbadala wa ziara.

Treni inapita Kortrijk na Ieper na kuishia Poperinge, kama saa mbili kutoka Brussels. Kutoka hapo ni kilomita 7 hivi, njia tambarare, baiskeli inafaa kabisa. Poperinge ndio mji wa hopi wa Ubelgiji na una makumbusho ya hopi. Septemba ni msimu wa kuvuna: mtaona nyaya ndefu mashambani na mihopi iliyozitambaa, na harufu imejaa barabarani. Kwa mpishi, hiyo ni bahati ya tarehe zenu, msiipoteze. Mkahawa una siku zake za kufunga ndani ya wiki na likizo zake za mwaka, someni kalenda yao kabla. Jumamosi itawafaa.

Kuhusu adabu, kwa sababu mtapita makanisani: kwenye Masifu ya Jioni ingieni kabla hayajaanza, kaeni nyuma, msipige picha, msitoke katikati. Anayetaka zaidi ya hapo anaweza kuomba siku kadhaa za mafungo kwenye nyumba ya wageni ya abasia. Hayo ni ya sala na ukimya, na mtu asiyaombe kwa ajili ya bia.

reli_na_baiskeli

Dada kasema vyote. Naongeza mbili za haraka kwa wanaopanga wenyewe: treni haifiki Chimay, na Westmalle inafikika kwa basi kutoka Antwerpen. Chimay wana kituo cha wageni kwenye hoteli ya Poteaupré, karibu na abasia yao ya Scourmont, chenye maelezo ya bia na jibini. Kiwanda chenyewe hakiingiliki. Westmalle kuna mkahawa mkubwa ng'ambo ya barabara, na pale wenyeji huagiza nusu kwa nusu, yaani bia zao mbili, Dubbel na Tripel, kwenye glasi moja.

Kwa wasomaji wa kwetu, abasia hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Scourmont ndiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto, Kivu Kaskazini, mwaka 1954. Koningshoeven ilianzisha ile ya Lumbwa, Kipkelion, Kenya, mwaka 1956; watawa wake walihamia Uganda mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi. Yale masharti ya faida aliyoyataja mkutubi yana maana ya karibu sana kwetu.

ammersee_2

Natofautiana kidogo na wote. Kama hamu yenu ni monasteri inayopika na kumlisha mgeni bila kujiandikisha, Ujerumani inaishinda Ubelgiji. Kwa siku nne za Brussels ni mbali mno, ila liwekeni akilini kwa safari nyingine.

Andechs, juu ya ziwa Ammersee: Wabenediktini, treni ya S8 kutoka Munich hadi mwisho, Herrsching, kisha basi au mwendo wa saa moja na ziada kupitia bonde la msitu la Kiental. Juu kuna kanisa la hija na ukumbi mkubwa wa bia ambapo unajichukulia mwenyewe: bia dirisha moja, mguu wa nguruwe wa kuchoma dirisha jingine. Bia yao nzito nyeusi ni asilimia 7.1 na glasi zao ni za nusu lita na lita nzima, kwa hiyo kuleni kwanza, na kushuka msituni kufanyike kabla ya giza. Bia hii ni ya chachu ya baridi, inachachuka chini ya nyuzi 12 hivi na kulazwa wiki nyingi, ndiyo maana haina yale matunda ya Kibelgiji. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo iko St. Ottilien, mama wa Peramiho na Ndanda. Mtanzania aliyefika Andechs asikose kuvuka.

kimea_na_chachu

Swali la mizigo limebaki, nalimaliza.

Chupa ya senti-lita 33 ikiwa imejaa ina uzito wa karibu gramu 600, kwa hiyo 12 ni kilo 7 na kitu. Zote kwenye begi la kupakiwa. Mkononi hazipiti kwa sababu ya kikomo cha mililita 100. Kilevi chini ya asilimia 24 hakina kizuizi cha usalama wa ndege. Kizibo hakifyatuki hewani, kinachovunja chupa ni kurushwa kwa begi. Kila chupa ndani ya soksi nene, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, katikati ya nguo, pasiwe na chupa mbili zinazogusana wala chupa inayogusa ukuta wa begi. Achaneni na chupa kubwa za sentilita 75, ni nzito na zikipasuka zinaloanisha begi lote.

Forodhani: sheria ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2 kwa mtu mzima. Bia mliyobeba itangazeni, na bakini na risiti. Chupa kadhaa kila mmoja zinatosha; kreti nzima kwa mtu mmoja inaonekana ni biashara.

Mkifika, zisimamisheni wima wiki moja hadi mbili mahali penye giza, mashapo yatulie. Dar bila chumba cha ubaridi zitazeeka haraka, nyuzi 30 kwa miezi miwili zinaua hopi, kwa hiyo friji ni bora kuliko kabati. Zitoeni nusu saa kabla, hizi nzito zinafunguka kwenye nyuzi 10 hadi 14. Mimineni kwa mkupuo mmoja, taratibu, glasi ikiwa imeinama, na acheni kidole kimoja cha bia chini ya chupa. Mashapo hayo hayadhuru. Ya Westvleteren mwenzenu anaweza kuyakuza kwenye maji ya kimea yaliyochemshwa na kupozwa, akapata chachu ya Westmalle hai, mradi chupa ni changa na haijapikwa na joto njiani. Na kwa bia ile, aanze kwenye nyuzi 20.

mwanamtaa_77

Tumepanga: Alhamisi Tilburg, Ijumaa na kulala Florenville kwa ajili ya Orval, Jumamosi kurudi Brussels tupumzike, Jumapili Poperinge.

dada_wa_poperinge

Geuzeni mkuu. Poperinge iwe Jumamosi, mkiangalia kwanza kalenda ya mkahawa, kwa maana Jumapili In de Vrede hufurika na meza hampati. Orval ikibaki wikiendi, teksi ya kurudi ilipwe mapema.